Mama Alipohamia Kiswahili

Nyumbani kwetu Muleba, Kiswahili kilikuwa lugha ya ugomvi. Siku za kawaida tulisema Kihaya: shambani, jikoni, mezani, hata tulipowafukuza kuku kwenye kahawa. Lakini Mama akikasirishwa na Baba hakupaza sauti wala hakugonganisha vyombo. Alihamia Kiswahili. "Chakula kiko tayari, bwana. Karibu ule." "Mimi sijambo kabisa, asante kwa kuuliza." Kiswahili cha darasani, safi, kila neno limepigwa pasi. Sisi watoto tulinong'onezana, "Leo kuna Kiswahili," na kila mmoja akatafuta kazi ya kufanya huko mwisho wa migomba.

Mama alisoma kwa masista mpaka darasa la saba, na Kiswahili chake alikipata kwao pamoja na kushona na kukaa wima kwenye kiti. Baba hakupita huko. Cha kwake alikiokota Goziba, kisiwani, alikovua samaki miaka miwili kabla ya kuoa, na kwa maelezo yake mwenyewe Kiswahili cha kambi ya wavuvi hakifai kusemwa mbele ya mtu aliyeshika rozari. Kwa hiyo Mama akihamia Kiswahili, Baba hakuwa na njia ya kumfuata. Alibaki mlangoni na Kihaya chake, kofia mkononi, akisubiri.

Alichokuwa anasubiri ni neno moja. Sisi Wahaya tuna neno *waitu*. Kwa asili ni kama kusema "wetu", lakini kwa matumizi limebeba heshima na mapenzi kwa pamoja, na mke humwita mumewe hivyo. Mama alilitumia mara mia kwa siku: chai hii hapa, waitu, mvua inakuja, waitu, unakanyaga kahawa yangu, waitu. Akikasirika, neno hilo ndilo lililotangulia kuondoka, kisha Kihaya chote kikalifuata. Na ugomvi ulipoisha hapakuwa na kuombana radhi. Ungesikia tu kutoka jikoni, "Waitu, njoo ule," nasi tukarudi nyumbani tukijua hali ya hewa imetengemaa. Sijawahi kumsikia Mama akisema waitu kwa hasira. Nadhani hakuweza.

Nayasema haya kwanza kwa sababu bila hayo huwezi kuelewa kilichompata Baba, Mama alipopata kiharusi.

Ulikuwa msimu wa kahawa. Buni ilikuwa imetandazwa uani kwenye maturubai, na Baba wakati huo huwa kama amelogwa. Analitazama wingu lolote kama mwizi. Dawa za presha za Mama zilikuwa zimekwisha. Alimwomba Baba ashuke mjini Muleba amletee nyingine. Baba akatazama juu, akaona wingu, akasema kesho. Mama akasema dawa zimekwisha tangu juzi. Baba akasema kesho ni karibu. "Sawa, bwana," Mama akamjibu kwa Kiswahili. "Hakuna shida yoyote." Na hiyo ndiyo sentensi ya mwisho nzima aliyomwambia akiwa mzima.

Asubuhi yake alikuwa jikoni anamenya ndizi. Kisu kikamdondoka, akakitazama pale chini kama kitu cha mtu mwingine. Baba aliingia kwa sababu alisikia sufuria ikipinduka. Mdomo wa Mama ulikuwa umekwenda upande, mkono wa kulia umelegea, na maneno hayatoki. Jirani mwenye gari aliwaleta hospitali Bukoba, na mimi, ninayeishi Nshambya na kuendesha kaduka ka kudurufu karatasi mjini, nilifunga duka wateja wakiwa ndani. Mmoja alibaki na cheti chake kimekwama kwenye mashine. Nimeshamwomba radhi.

Siku tatu Mama hakusema kitu. Ya nne, muuguzi mmoja, msichana mdogo mgeni wa mkoa huu, alikuja kumpima presha, na Mama akafumbua macho akamwambia, vizuri kabisa, "Shikamoo, mwalimu." Yule binti aliona aibu mpaka akaangusha kalamu. Mimi nililia kwa furaha. Nikamwinamia nikamwambia kwa Kihaya, "Mawe, ni mimi, unanisikia?" Mawe kwa Kihaya ni mama yangu, lakini muuguzi alianza kuangalia chini ya kitanda kutafuta mawe yenyewe. Mama akanitazama, akakusanya nguvu, akasema kwa Kiswahili, "Nzuri. Naomba ufunguo." Alitaka maji.

Daktari alinieleza taratibu. Kiharusi kilikuwa kimepiga upande wa kushoto wa ubongo, na kwa watu wengi huko ndiko maneno yanakokaa. Hali hiyo huitwa afasia. Akili ya Mama ilikuwa palepale, kumbukumbu zake palepale, na mengi tuliyosema aliyaelewa kwa lugha zote mbili. Kilichoharibika ni njia ya kulifikia neno na kulitoa. Alisema ni kama kabati la vyombo limeanguka: vyombo vingi bado vipo, ila ukinyoosha mkono kuchukua kikombe unatoka na mwiko. Nikamwuliza mbona mama yangu, Mhaya kwa baba na mama, ameamka na Kiswahili. Akasema kwa mtu wa lugha mbili hutokea moja ikaumia kuliko nyingine, na si lazima iumie ile aliyojifunza baadaye. Hakuna anayejua kwa nini, alisema, na nilimheshimu kwa kulisema hilo.

Baba hakuwepo nilipoelezwa. Alikuja alasiri, amevaa koti la kanisani, akasimama mwisho wa kitanda na kofia yake mkononi. Alimsalimu kwa Kihaya, polepole, salamu yote ya heshima mpaka mwisho. Mama alimtazama kwa muda mrefu. Midomo ilihangaika. Machozi yakamtoka, na nyuma ya machozi yakaja maneno.

"Karibu, bwana," alisema. "Karibu ukae."

Nilimwona Baba akizeeka pale pale. Alikaa kama alivyoambiwa, kwenye ukingo wa kiti, dakika kumi, kisha akatoka. Nilimkuta ukumbini ameegemea ukuta.

"Bado amekasirika," akaniambia.

"Tata, ni ugonjwa. Daktari amesema."

"Alilala na Kiswahili, ameamka na Kiswahili. Ugomvi ni uleule." Kisha akasema jambo ambalo sikuwahi kumsikia akilisema, mzee yule mwenye kiburi cha buni yake. "Na ana haki. Mvua yenyewe haikunyesha."

Mama aliporuhusiwa nilimchukua kwangu Nshambya, ili awe karibu na mazoezi ya hospitali. Baba alirudi Muleba kwenye kahawa, tukakubaliana atapiga simu kila siku.

Niseme ukweli kuhusu mimi. Mimi ni mtu wa kuwamalizia watu sentensi. Wateja wangu wanajua, mtu akisema "naomba nakala..." mimi nimeshasema mbili, mbele na nyuma. Sasa nipe mama anayetafuta neno moja kwa dakika mbili. "Naomba... naomba..." Chai, Mawe? Uji? Blanketi? Choo? Nilimrushia maneno kama ninayeuza mnadani, na yeye kila nikisema moja lile alilokuwa analikaribia linampotea. Siku moja alinipiga kibao cha mkono kwa mkono wa kushoto, kile cha kumkanya mtoto mezani. Nilikuwa na miaka arobaini na mitatu, na nilistahili.

Tulizoeana. Nilijifunza kwamba ufunguo ni maji, jembe ni kijiko, na Jumapili ni kitu chochote kizuri. Mjukuu ni Jumapili. Parachichi lililoiva ni Jumapili. Sentensi za shuleni zilimtoka zikiwa nzima, bila kuitwa: akimaliza kula alisema, "Tumeshiba, tunashukuru," kwa wingi, kama vile darasa zima limekula naye. Kihaya nilimwambia mimi, akanielewa, akanijibu Kiswahili. Jirani zangu walidhani tumekuwa watu wa mjini.

Siku moja nilimpeleka mjini, kwenye duka la vitambaa alikonunua vitenge tangu nikiwa mgongoni. Mwenye duka ni mzee wa Kihindi, familia yake iko Bukoba tangu kwa babu yake, na sasa wamebaki wachache, lakini Kihaya anakisema mpaka mafumbo yake. Alipomwona Mama alitoka nyuma ya meza akamsalimu kwa Kihaya kirefu, na Mama, Mhaya wa Muleba, akamjibu, "Shikamoo. Mimi nataka Jumapili." Mzee akanigeukia, akaniambia kwa Kihaya, "Kumbe Mhaya dukani humu nimebaki peke yangu?" Mama alicheka mpaka mate yakamtoka upande ule uliolegea, nami nikacheka mpaka nikashika meza. Kisha mzee, bila mtu kumwelekeza, akashusha kitenge cha bluu chenye maua madogo meupe, nguo ya kuendea kanisani. Mama akakishika, akakinusa, akainua kidole gumba. Mimi nilikuwa na haraka ya kurudi dukani, nikasema tutakuja siku nyingine. Haraka zangu nazijutia karibu zote.

Kulikuwa na kitu kimoja kilichonichanganya. Alhamisi wanawake wa jumuiya yetu walikuja kusali rozari, na Mama, aliyeshindwa kuomba maji kwa Kihaya, alisali nao Kihaya kitupu, tangu ishara ya msalaba mpaka mwisho, bila kujikwaa. Waitu ya Mungu ilikuwepo, kwenye Baba Yetu, mahali pake. Ilipofika amina Kihaya kikafunga mlango, na akawaaga wale mama kwa "Asanteni, wanafunzi." Baadaye nilielezwa kwamba maneno yaliyokaririwa maisha yote, sala, nyimbo, salamu, kuhesabu, hupita njia nyingine na mara nyingi hupona. Lakini siku ile sikujua, na kwa ujinga wangu nilimpigia Baba kumweleza habari njema.

"Kwa hiyo kwa Mungu anasema Kihaya," akasema. "Kwangu mimi Kiswahili."

Niliona nimekosea lakini nilishachelewa. Akaniambia niweke simu karibu na Mama, sauti ya juu. Nikaweka. Baba akakohoa. Akamwuliza kwa Kihaya, akitumia maneno mengi ya kuzunguka kama anavyofanya mtu asiyezoea, kuhusu zile dawa, kuhusu wingu, na mwishoni akauliza waziwazi kama amemsamehe.

Mama aliinama kuelekea simu. Uso wake wote ulisogea, na upande ule mzima wa mdomo ukapanda juu. Akasema kwa sauti ya wazi kuliko zote za mwezi ule, "Hapana."

"Amesema nini?" Baba akauliza, ingawa alikuwa amesikia.

Na mimi, mmaliziaji wa sentensi, nikamjibu. "Amesema hapana, Tata. Lakini amechoka leo."

Simu ikakatika. Kesho yake Baba hakupiga. Keshokutwa vile vile. Alituma ndizi na maharage kwa gari la asubuhi, vimefungwa kwa ustadi wake, lakini yeye mwenyewe hakuja wala hakupiga, na nikimpigia alikuwa na kahawa, au ng'ombe, au mtandao mbaya. Mama alikuwa akiitazama simu pale mezani. Aliigusa kwa kidole, akaniangalia, akasema, "Mwalimu? Mwalimu?" Nilimwambia Tata ana kazi nyingi. Nilikuwa nimemkasirikia Baba na kumwonea huruma kwa wakati mmoja, na vyote viwili nilivimalizia kwenye vyombo, nikiosha kwa kelele.

Ilipita karibu miezi miwili. Dada wa mazoezi ya viungo pale hospitali, mwenye mikono ya mfinyanzi na subira ambayo mimi sikupewa, alikuwa amesoma kidogo kuhusu usemi pia. Siku hiyo alimaliza mguu na mkono akasema tuangalie maneno. Akamwuliza Mama maswali ambayo majibu yake sote tuliyajua.

"Mama, wewe ni mwanamume?"

"Ndiyo," akasema Mama.

"Huyu hapa ni binti yako?"

"Hapana."

"Tuko Bukoba?"

"Hapana."

Mimi nikaanza kusema kwamba leo amechanganyikiwa. Yule dada akaninyamazisha kwa kiganja. Akamwambia Mama asiseme, ainue kidole gumba juu kwa ndiyo, akigeuze chini kwa hapana, akarudia yale yale. Wewe ni mwanamume? Kidole chini, na jicho la dharau. Huyu ni binti yako? Juu. Tuko Bukoba? Juu, haraka haraka, kama anayeulizwa upuuzi.

"Ndiyo na hapana zake zimebadilishana mahali," dada akaniambia. "Mara nyingi, si kila mara. Wala hasikii kwamba amekosea. Msimwulize jambo zito kwa mdomo tu, na hasa si kwa simu."

Nilikaa. Niliona tena simu pale mezani, na upande wa mdomo wa Mama ukipanda juu. Mimi nilikuwepo chumbani. Mimi ndiye niliyeuona uso, Baba alikuwa na sauti tu, na mimi ndiye niliyemtafsiria.

Kesho yake nilikwenda Muleba. Nilimkuta Baba kwenye migomba, akikata majani makavu ambayo hayakuhitaji kukatwa siku hiyo. Nilimweleza yote, mwanamume, binti, Bukoba, kidole. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akafuta panga kwa jani.

"Mama yako," akasema, "ndiye pekee aliyejua Kiswahili katika nyumba hii. Mtu kama yule hawezi kukosea hapana."

"Tata, alisema yeye ni mwanamume!"

"Unanifariji. Ni vizuri kumfariji baba yako."

"Basi njoo umwulize mwenyewe, uone kidole."

Akatikisa kichwa. Hapo ndipo sauti ilimtoka vibaya. "Nikimwuliza, akageuza kidole chini, nitakwenda kukaa wapi? Sasa hivi bado sijui. Niache nisijue."

Lakini hakumwacha Mama. Nisije nikamsingizia mzee wangu. Mwezi wa kumi, dada wa mazoezi aliposema Mama anaweza kurudi nyumbani, Baba alikuja mwenyewe kumchukua, na koti la kanisani, na kifurushi cha gazeti alichokishika kwapani safari nzima hakutaka nikibebe. Nami nilifunga duka wiki mbili nikaenda nao, nikawaonyeshe mambo ya kuoga na dawa. Dawa, kwa taarifa yako, sasa zinakaa juu ya meza ya kulia, na Baba huzihesabu kama mtu wa forodha.

Alikuwa mpole kwake, mpole wa kuogopa. Alimsalimu bila kumtazama usoni. Alimletea kiti, akahamisha kiti kivulini, akarudisha. Aliongea naye kidogo sana, kwa Kihaya, na Mama akijibu "Asante, bwana," niliona bega lake likiruka kama la mtu aliyemwagiwa maji ya baridi.

Kilichomlazimisha ni mazoezi ya kutembea. Dada alikuwa ameagiza Mama atembee kila asubuhi kutoka mlangoni hadi mwisho wa uwanja na kurudi, na mtu wa kumshika awe anamwelekeza kwa maneno mafupi. Mimi nilimwelekeza kwa maneno marefu, tukagombana. Baba akaniondoa. Akamshika Mama kiunoni, akafikiri, na kwa kuwa Mama alikuwa anajibu Kiswahili na Baba alikuwa na Kiswahili cha aina moja tu, alikifungua.

"Haya, mama! Vuta!" akapiga kelele. "Kushoto! Tia kasia! Vuta, we, samaki wanakimbia!"

Mama alisimama, akamgeukia. Miaka arobaini na sita ya ndoa hakuwahi kusikia Kiswahili cha Goziba kutoka kwenye mdomo ule.

"Unatazama nini? Mashua inajaa maji! Vuta!"

Akavuta. Akacheka na kuvuta, mguu wa kulia ukiburuzika kwenye vumbi, na Baba akimpigia kelele za kambini, nyingine nilijifanya sikuzisikia. Walipofika kwenye kiti Baba akaamuru, "Tia nanga!" Mama akakaa kwa kishindo. Akamnyooshea kidole, akahangaika, akahangaika, nami nikauma ulimi nisimsaidie. "Nahodha," akasema Mama. Neno lenyewe, mahali pake, la kwanza kutoka bila kukopwa shuleni. Baba akageuka upande wa migomba, akakaa huko muda mrefu akiangalia kitu ambacho hakikuwepo.

Nilidhani yamekwisha. Hayakuwa yamekwisha. Mchana alirudi kuwa yule yule, mpole, macho chini. Kelele za mashuani zilikuwa za mazoezi.

Kisha senene wakaja. Kwetu senene wakishuka kila mtu anakuwa mtoto, na siku ile majirani walikuwa wametuletea ndoo, kwa sababu ya Mama. Asubuhi nilikaa naye uani, kila mmoja na beseni lake, tukinyonyoa mabawa na miguu. Mimi nilinyonyoa kwa mikono miwili. Mama alimbana senene kati ya goti na kidole gumba cha mkono wa kulia usiofanya kazi nyingine yoyote, akanyonyoa kwa wa kushoto, mmoja baada ya mwingine. Ilimchukua asubuhi nzima kujaza bakuli dogo. Nilimwambia anipe nimalizie. Alinipiga tena kile kibao.

Zamani, nadhani mpaka kwa bibi zangu, mke ndiye aliyemtafutia mume senene, na mume akamlipa kwa nguo. Siku hizi ni mazoea tu ya kutaniana, lakini nyumbani kwetu yalishikwa. Na mke aliyenuna, hili nililijua tangu utotoni, senene hakunyonyolei. Unapewa na mabawa yake. Mwaka mmoja Baba alikula mabawa.

Nilikaanga lile bakuli la Mama peke yake, kwa chumvi, nikamrudishia. Baba alikuwa anapita kuelekea zizini, Mama akamwita kwa mkono. Akaja, akachuchumaa mbele ya kiti. Mama akamnyooshea bakuli.

Baba aliwatazama wale senene. Nadhani aliwahesabu. Hakuna aliyekuwa na bawa. Kofia aliivua akaiweka chini, na kwa mara ya kwanza tangu hospitali alimtazama Mama usoni. Akamwuliza kwa Kiswahili. Si kile cha mashua. Kingine, cha kubabaisha, alichokuwa amekitafuta peke yake huko kwenye migomba, neno kwa neno, bila kuniuliza.

"Mama. Ile siku ya dawa. Mimi nilikosa. Umenisamehe?"

Mkono wa kushoto wa Mama ulikuwa umeshika bakuli, wa kulia haukuwa na uwezo. Hapakuwa na kidole cha kuinua. Palikuwa na mdomo tu. Niliona anatafuta, niliona neno linakuja, nikalijua kabla halijafika, na nikataka kuruka katikati yao kulizuia.

"Hapana," akasema Mama.

Baba akafumba macho. Mama alikuwa hajamaliza. Shingo ilimkaza, midomo ikajikusanya, ikaachia, ikajikusanya tena, na mimi, mtu wa kumalizia watu sentensi, nilinyamaza.

"Hapana, waitu."

Kuku walikuwa wanadonoa mabawa tuliyomwaga. Baba alinyanyuka, akaingia ndani, akatoka na kile kifurushi cha gazeti, kilichokuwa juu ya kabati tangu mwezi wa kumi kikisubiri, na akakifungua magotini kwa Mama: bluu, maua madogo meupe. Mzee wa dukani alikuwa amemwambia ni kipi alichokinusa.

Alichuchumaa tena pale pale. Akachukua bakuli, akala senene mmoja, akatafuna taratibu. Akamwuliza tena swali lile lile, na alipojibiwa akamwuliza mara ya tatu, na hiyo ya tatu haikuwa na shaka yoyote ndani yake, ilikuwa uroho tu.

"Hapana, waitu," Mama akamwambia. "Hapana. Hapana."